Usilanguliwe gemu: mwongozo kamili wa kununua sidii na kaseti orijino ukiwa Malindi

Kila mtu hapa Malindi anajua tofauti ya samaki kuadimika na sukari kufichwa. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, changu na tafi wanapanda bei na hakuna wa kumlaumu manake samaki kweli hayuko. Lakini sukari ikipotea madukani siku chache kabla ya Ramadhani, alafu mwezi ukishaandama inarudi ikiwa na bei mpya, hapo kila mama anajua kuna mtu amekalia magunia kwenye stoo. Yote mawili watu wanayaita uhaba, lakini mmoja umeletwa na upepo na mwengine umeletwa na mtu.

Gemu za sidii na kaseti ziko hivohivo, na vijana wetu wanalanguliwa kila wiki kwa sababu hawajiulizi hili swali moja kabla ya kutuma pesa: hii ni kusi ama ni stoo? Mimi nakusanya gemu tangu enzi za PS1 (PlayStation ya kwanza), niliwahi kukaa na kibanda cha gemu Maweni, nimenunua vitu vizuri sana kwa bei ya kutupwa na pia nimepigwa changa la macho vibaya, ntawaeleza. Naandika hapa kila kitu ninachofanya mimi kabla pesa haijatoka kwenye simu.

Hatua ya 1: jua uhaba wenyewe ni wa aina gani

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote kwa hivo tukae hapa kidogo.

Kuna gemu adimu za kweli. Kuna moja ya NES, ile mashine ya zamani ya kampuni ya Nintendo, inaitwa Stadium Events, Bandai waliitoa Marekani 1987 pamoja na mkeka wa kukimbilia, alafu Nintendo wakachukua haki za ule mkeka wakaiondoa gemu madukani na kuitoa upya kwa jina jengine. Zilizokuwa zimeshauzwa ni chache mno na hakuna mtu atakayechapisha tena. Ama zile kaseti za mashindano ya Nintendo World Championships ya 1990, za kijivu zilitengenezwa 90 tu na za dhahabu 26. Hiyo ni kusi. Mtu akikwambia kaseti kama hiyo ni ghali, ni ghali kweli, hakuna stoo itakayofunguliwa kesho.

Sasa tazama upande wa pili. Septemba 2020 Nintendo walitoa Super Mario 3D All-Stars ya Switch, mashine yao ya siku hizi, na wakatangaza mapema kabisa kwamba wataacha kuiuza tarehe 31 Machi 2021. Mashine za kuchapa hazikuharibika na haki hazikuisha, walijiwekea tarehe wao wenyewe. Watu wakaingiwa na hofu, mmoja ananunua tatu, mbili za kuweka. Na kufikia mwisho wa Desemba 2020 zilikuwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 8. Milioni nane! Hebu niambie, kitu kilichoko kwenye nyumba milioni nane kinaitwaje adimu? Waliogopa tarehe, kaseti zenyewe zimejaa dunia nzima, na bado leo ukiingia kwenye magrupu ya kuuza utakuta mtu ameiandika "adimu sana haipatikani tena" na bei imeruka.

Nyengine ni ile NES Classic ya Novemba 2016, mashine ndogo yenye gemu za NES za zamani ndani, ilianza kwa dola 60, ikawa haionekani dukani, walanguzi wakaiuza mara kadhaa ya bei, Aprili 2017 Nintendo wakasema basi haitengenezwi tena na bei ikazidi kupaa, alafu Juni 2018 ikarudi madukani kwa bei yake ileile. Waliokimbilia kwa mlanguzi wakabaki wameshika vichwa. Kwa hivo uhaba wa stoo una hatari mbili, unalipa zaidi leo na kesho mlango unaweza kufunguliwa.

Katikati kuna kampuni ndogo zinazochapa gemu chache chache. Limited Run Games walianza 2015 na Breach & Clear ya PS Vita, nakala 1,500, zikaisha siku hiyohiyo. Hapa mimi siwatupii mawe moja kwa moja, kwa sababu kampuni ndogo haina pesa ya kuchapa sidii laki moja za gemu ambayo labda watu elfu mbili ndo wanaitaka, na bila wao gemu nyingi zisingepata sidii hata moja. Baadae walianza kufungua oda kwa wiki kadhaa, anayetaka anaoda, alafu wanachapa kulingana na oda zilizoingia, na hiyo nasema ni haki. Kinachonikera ni ule mtindo wa kutoa kava nne tofauti za gemu moja, kila moja ina namba yake, gemu ndani ni ileile. Hilo ni kava unauziwa. Kama unalipenda hilo kava nunua, lakini usidanganyike kwamba gemu imekuwa adimu.

Alafu kuna bei za maonyesho. Tarehe 11 Julai 2021 kaseti ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa kwenye mnada wa Heritage huko Marekani kwa dola milioni 1.56, kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 150. Gemu hiyo iliuza karibu milioni 12 duniani. Kilichonunuliwa pale ni ile nailoni na alama ya 9.8 iliyoandikwa kwenye boksi la plastiki na kampuni ya kukadiria hali. Sasa kijana wa hapa anasoma hiyo habari, anakumbuka ana kaseti ya Mario 64 haina boksi, stika imechanika, anaiweka laki mbili. Kaka, hiyo yako haina uhusiano wowote na ile.

Na FIFA jamani. Hii naiona sana. Septemba 2023 EA, kampuni inayoitengeneza, waliondoa FIFA za zamani kwenye duka la mtandaoni kwa sababu mkataba wa jina uliisha na wakaja na EA Sports FC 24. Ni kweli huwezi tena kuinunua FIFA 23 kwa kudownload. Lakini sidii zake? Zimejaa kila kibanda kuanzia Barani mpaka Watamu, watu wanaziwekea vikombe vya chai. Kuondolewa mtandaoni ni habari ya mtandaoni, ukiwa unanunua sidii swali ni sidii ziko ngapi mtaani.

Kwa hivo kabla ya kuangalia bei, jiulize: zilitengenezwa ngapi? Anayezitengeneza anaweza kuzitengeneza tena? Na nani anasema ni adimu, ni watu wote ama ni huyu anayeniuzia? Ukikosa jibu la swali la kwanza na la pili, na jibu la tatu ni muuzaji peke yake, basi hiyo ni stoo mpaka ithibitike vyengine.

Hatua ya 2: tafuta bei iliyolipwa, usitazame bei iliyoandikwa

Mtu anaweza kuandika bei yoyote anayotaka, hakuna ushuru wa kuandika. Ukienda eBay, lile soko la mtandaoni, chagua uonyeshwe zilizouzwa tayari, siyo zinazouzwa, na uangalie angalau kumi za karibuni siyo ile moja ya juu kabisa. Kuna pia saiti ya PriceCharting ambayo inakusanya bei za mauzo na kuzigawa makundi matatu: sidii ama kaseti tupu, kamili na boksi na kijitabu, na isiyofunguliwa. Haya makundi matatu yanaachana sana kwa bei na hapo ndo muuzaji mjanja anakuchanganyia, anakuonyesha skrini shoti ya bei ya isiyofunguliwa alafu anakuuzia iliyo tupu.

Alafu piga hesabu ya kuileta mpaka hapa. Mfano gemu imekuwa ikiuzwa dola 30 na kuisafirisha ni dola 18, jumla 48, ukihesabu dola kwa shilingi 130 ni 6,240. VAT ya asilimia 16 peke yake ni kama elfu moja, na hapo hujalipa ushuru na ada nyengine za forodha. Kwa hivo mtu wa hapa akiniuzia hiyo gemu kwa 8,000 nikaijaribu hapohapo, huyo hajanilangua, amebeba mzigo na hatari yake na anastahili faida. Akisema 15,000 namuaga kwa heshima. Hii ndo tofauti ya mfanyibiashara na mlanguzi kwangu mimi: mfanyibiashara amekuletea kitu ambacho hakikuwepo, mlanguzi amekinunua chote kilichokuwepo ili ukose.

Na msidhani ulanguzi unafanywa kwa mikono. PS5 ilipotoka Novemba 2020 chip zilikuwa hazitoshi, huo ulikuwa uhaba wa kweli, lakini juu yake watu wakaweka programu za kompyuta zinazonunua zenyewe ndani ya sekunde, binadamu wa kawaida hajamaliza hata kuandika jina lake mzigo umeisha. Uhaba mdogo wa kweli wakaukuza. Mpaka mwanzo wa 2023 ndo Sony wakatangaza kwamba sasa zinapatikana kwa urahisi. Wale waliongoja walinunua kwa bei ya dukani, na gemu walizocheza ni zilezile.

Hatua ya 3: soma maandishi ya ubavuni, hasa sisi wa Malindi

Hapa tuna bahati ambayo watu wa miji mingi hawana. Waitaliano wamekaa Malindi miaka na miaka, wana manyumba huku Casuarina na kwengineko, na wakiuza nyumba ama wakirudi kwao hawabebi kila kitu. Mwaka juzi mzee mmoja anayelinda nyumba upande huo alinipigia akaniambia, "mwanangu njoo uone, kuna sanduku la michezo ya tivi mama mwenye nyumba amesema litupwe." Nikaenda na baskeli. Chini ya kitanda cha chumba cha watoto kulikuwa na PS2 nyembamba imefungwa kwenye taulo, memori kadi mbili, na gemu kumi na nne, kava zote zimeandikwa Kiitaliano, nyengine bado zina stika ya bei ya euro. Vumbi la mchanga limejaa kwenye boksi lakini sidii ndani zinang'ara.

Sasa vijana wengi wakiona kava la Kiitaliano wanakataa, wanasema haitasoma ama itaongea Kiitaliano. Sivyo. Tazama ubavu wa kava na sidii yenyewe utaona herufi nne na namba. Kwa PS1 na PS2, SLES na SCES ni za Ulaya, SLUS na SCUS za Marekani, SLPS na SLPM za Japani. PS2 inafungwa kimaeneo, ya Ulaya inasoma za Ulaya, isipokuwa imetiwa chip ya kuondoa hicho kifungo. PS2 nyingi zilizoko huku ni za Ulaya kwa hivo SLES ya Kiitaliano inasoma vizuri tu, na nyingi zina lugha kadhaa ndani ya sidii moja, zinafuata lugha uliyoiweka kwenye PS2 yako. Siyo zote, kwa hivo iwashe kwanza. PS4, PS5 na Switch hazifungi maeneo, sidii ama kaseti yoyote inacheza, ila nyongeza za kudownload zinafuata akaunti ya eneo la gemu, hapo watu wanajikwaa.

Alama ya umri pia inasaidia kujua ilikotoka: PEGI ni Ulaya, USK ni Ujerumani, ESRB ni Marekani, CERO ni Japani. Mtu akikwambia "hii ni ya Japani adimu" na kava lina PEGI, umeshajua unaongea na nani.

Wanaokusanya wa Uingereza wanataka kava la Kiingereza, kwa hivo la Kiitaliano mara nyingi linapoa bei. Kwa anayetaka kucheza na kuwa na orijino, hiyo ndo nafasi yetu, na iko hapahapa mjini.

Hatua ya 4: orijino ama feki, ishike mkononi

Hili ndo lililonipata mimi. Nilitaka Pokémon Emerald ya Game Boy Advance, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, ya kumpa mpwa wangu, nikampata muuzaji mtandaoni aliyeko Mombasa, picha nzuri, maneno matamu, "kaka ni moja tu imebaki na kuna mtu anakuja saa kumi." Nikatuma 9,500. Ikaja na basi la asubuhi imefungwa kwa gazeti na selotepu. Mpwa akacheza wiki mbili, amefika mbali, siku moja akaiwasha hakuna sevu. Akalia, na mimi nikachukua bisibisi.

Orijino ya Emerald ina gamba la plastiki ya kijani inayoonyesha ndani, na stika inayong'aa. Inamisha kaseti kwenye mwanga, upande wa kulia wa stika utaona namba mbili ndogo zimegandamizwa kwenye karatasi, hazikuandikwa kwa wino, zimebonyea. Ile yangu haikuwa nazo. Alafu igeuze uchungulie kwenye uwazi wa chini pale penye meno ya shaba, juu ya meno kwenye bodi utasoma jina Nintendo. Yangu ilikuwa tupu. Skrubu ya nyuma ya orijino ina mikono mitatu kama herufi Y, ya kwangu ilikuwa ya msalaba wa kawaida, nikaifungua bila shida yoyote na hiyo peke yake ilikuwa jibu. Ndani hakuna betri kabisa, ni tone jeusi la gundi tu limefunika chip.

Na hapa kuna jambo watu wengi wanalikosea. Betri ya Emerald orijino inaendesha saa ya ndani ya gemu tu, sevu inakaa kwenye chip yake mbali. Ukiiwasha ikakwambia betri imekauka, usiitupe wala usimruhusu muuzaji akukatie tamaa, gemu inacheza na inasevu kama kawaida, ni vitu vya kufuata saa ndo vimesimama. Betri ni CR1616, fundi wa simu mwenye mkono mzuri anaibadilisha. FireRed na LeafGreen hazina betri hata zikiwa orijino, kwa hivo usije ukamwita mtu tapeli bure.

Kwa sidii mambo ni mepesi kidogo. PS1 orijino ni nyeusi upande wa chini. PS2 orijino ni ya fedha, ama bluu kwa zile zilizotoka kwa CD, lakini zile za kuburn zina rangi ya zambarau hivi ukiigeuza na duara la ndani halina maandishi yaliyochongwa vizuri. Sidii iliyopigwa kiwandani ina namba ndogo zimechongwa karibu na tundu la katikati, zitafute.

Isiyofunguliwa nayo, msikubali tu kwa sababu ina nailoni. Mashine ya kufunga nailoni kwa moto haina bei kubwa. Nailoni ya kiwandani imekaza sawasawa na mshono wake umenyooka, ya mtaani inalegea pembeni, ina mikunjo, na mara nyingi ina vitundu vidogo vya kutolea hewa. Mimi kwa kweli siwashauri watu wetu kununua isiyofunguliwa kabisa, unalipa mara mbili ama tatu kwa kitu ambacho huwezi kukijaribu.

Hatua ya 5: hakikisha gemu imo ndani ya boksi

Hii ni mpya na inaumiza. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 na gemu zake nyingi zinakuja na kadi ambayo ndani haina gemu, ina ufunguo tu. Unaiweka, unadownload gemu yote, alafu kila ukicheza lazima kadi iwe ndani. Utaijua kwa alama ya ufunguo mbele ya boksi upande wa chini. Unaweza kuiuza kwa mwengine, hilo afadhali, lakini siku seva ikifungwa hiyo kadi ni plastiki. Hesabu pia bando, gemu ya GB 60 kwa intaneti ya simu ni pesa nyingine juu ya bei. Mbaya zaidi ni boksi lenye karatasi ya kodi tu, yaani herufi na namba za siri za kudownloadia, hiyo ikitumika mara moja imekwisha, na kuna watu wanauza maboksi hayo yakiwa yameshatumika.

Mfano wa sidii kufa uko wazi. The Crew, gemu ya magari ya 2014, Ubisoft walizima seva tarehe 31 Machi 2024 na kwa kuwa ilikuwa inategemea intaneti muda wote, sidii yake haifanyi chochote. Lakini Forza Horizon 4 iliondolewa mtandaoni Desemba 2024 kwa sababu ya leseni, na mwenye sidii bado anacheza. Kwa hivo kabla ya kulipa, tafuta jina la gemu kwa kundi linaloitwa Does it Play?, wanajaribu sidii bila intaneti na kuandika kama inacheza mpaka mwisho.

Hatua ya 6: siku ya kununua

Kutaneni mahali penye tivi na mashine. Kibanda chochote cha gemu, unamuomba mwenyewe dakika kumi unampa hamsini ama mia. Gemu icheze mpaka uingie ndani kabisa, usiridhike na nembo ya mwanzo, mikwaruzo inaonekana kwenye kupakia.

Kabla ya hapo washa tochi ya simu uweke nyuma ya sidii. Ukiona vitone vya mwanga vinapenya, data imeshatoka. Na mkwaruzo wa juu, upande wenye picha, kwenye CD ni mbaya kuliko wa chini kwa sababu data iko chini tu ya ile rangi. DVD data iko katikati kwa hivo inastahimili, na mashine ya kusafisha inaweza kuisaidia. Blu-ray, yaani PS3 kuja juu, data iko karibu kabisa na uso wa chini ikiwa na ngozi ngumu, haikwaruziki ovyo lakini ikikwaruzika sana usimpelekee fundi wa kusugua, anaimaliza.

Pesa tuma M-Pesa mkiwa pamoja, jina likilingana. Usitume "deposit ya kushika mzigo" kwa mtu usiyemjua hata kama anakuita kaka mara kumi. Ukikosea namba peleka ile meseji kwa 456 haraka, lakini kwa tapeli aliyeshatoa pesa usitegemee sana. Ikiwa lazima ije kwa basi kutoka Mombasa, muombe video akiiwasha huku ameandika jina lako na tarehe kwenye karatasi pembeni ya tivi. Muuzaji mkweli atakereka kidogo lakini atafanya.

Na ukisikia "kuna mtu anakuja saa kumi", mwambie ampe huyo wa saa kumi. Mimi nina sheria ya kulala: chochote juu ya elfu tatu nalala kwanza. Tangu nianze hivo nimekosa gemu mbili tu ambazo nilizijutia, na moja nimeshaipata baadae kwa bei ya chini.

Hatua ya 7: chumvi na unyevu

Fupi hii. Upepo wa bahari una chumvi na unakula shaba. Usiweke rafu kwenye ukuta wa dirisha. Kontena ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ndani weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, vibadilishe masika yakiisha. Kaseti yenye kutu ya kijani ipake spiriti ya asilimia 90 na zaidi kwa pamba ya masikio, iache ikauke kabisa. Kuipuliza kwa mdomo acha, mate ndo yanaleta kutu. Na sidii zisimame wima ndani ya kava.

Hatua ya 8: ukiuza

Kuuza si dhambi, mimi nauza. Lakini ukikuta zote tatu kwa duka moja chukua yako moja, uwachie wenzio mbili. Na ukinunua kwa asiyejua, mwambie. Yule mzee wa Casuarina alitaka mia mbili kwa kila gemu, mbili kati ya zile nilijua zina thamani, nikamwambia mzee hizi mbili si za mia mbili, nikampa elfu mbili kwa kila moja. Tangu hapo majirani zake wote wanaolinda nyumba wana namba yangu, na wananipigia kabla hawajampigia mtu mwengine.

Tangazo lenyewe liandike wazi, picha ya sidii upande wa chini, picha ya ubavu, na maneno kama haya ambayo niliyaposti juzi: "PS2, SLES, kava la Kiitaliano, ndani Kiingereza kipo, kijitabu kipo ila ukurasa wa mwisho umechanika, imejaribiwa jana mpaka hatua ya tatu, nilinunua mia mbili nauza mia nne, niko Maweni baada ya alasiri, njoo ujaribu mwenyewe."